Mnalinda saa ambayo mwizi amelala

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, na tangu uchaguzi wa Novemba 2024 ni mjumbe wa kamati ya mtaa katika kata moja ya pembezoni mwa Jiji la Arusha. Kila kaya inatoa shilingi elfu mbili kwa mwezi za ulinzi shirikishi na vijana wanazunguka usiku, lakini ukwapuaji wa simu na mikoba pale kwenye daraja la mto haupungui. Tukienda polisi tunaambiwa pale pana giza, waambieni halmashauri waweke taa. Tukienda halmashauri tunaambiwa wizi ni kazi ya polisi. Binti yangu yuko Birmingham, anasema kwao sheria inawalazimisha wote wakae meza moja. Kwetu hakuna sheria ya namna hiyo? Tuanzie wapi? Na je, tununue kamera?

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Nimekuwa mtendaji wa kata, kisha afisa maendeleo ya jamii, miaka ishirini na ushee kati ya Arusha na Moshi, na mchezo huu wa kutupiana mpira nimeucheza pande zote mbili. Kwa hiyo nitakayokwambia mengine ni ya kuungama.

Binti yako yuko sahihi. Mwaka 1998 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya uhalifu na vurugu kwa ajili ya England na Wales, na ndani yake wametajwa wanaolazimika kukaa pamoja kupanga usalama wa eneo: halmashauri, polisi, zimamoto, huduma ya afya, na wale wanaosimamia wafungwa walioachiwa wakiwa chini ya uangalizi. Kipengele ninachokihusudu ni kifungu cha 17. Kinaitaka halmashauri, katika kila kazi yake, hata isiyo ya ulinzi, ijiulize kazi hiyo inaongeza au inapunguza uhalifu. Anayeshughulikia taa za barabarani, anayefyeka bustani, anayetoa leseni za baa, wote wana sehemu yao. Na tangu 2014, mwananchi aliyelalamika mara kwa mara juu ya kero za majirani bila kushughulikiwa anaweza kudai taasisi zote zikae na kupitia upya suala lake. Lakini kule nako si peponi. Baada ya 2010 halmashauri zao zilipunguziwa fedha mwaka hadi mwaka, na meza isiyo na fedha huzaa mihtasari tu.

Kwetu hakuna sheria moja inayowataja wote na kuwaambia kaeni. Hata hivyo usikubali kuambiwa kwamba halmashauri haihusiki. Ibara ya 146 ya Katiba, inayoeleza kazi za Serikali za Mitaa, inataja kuhakikisha utekelezaji wa sheria na ulinzi wa wananchi, tena inataja hilo kabla ya kufika kwenye maendeleo. Toa nakala ya ukurasa huo, uweke kwenye mkoba. Nimewahi kumwona ofisa akibadilika sauti baada ya kusomewa kipengele hicho kimoja.

Shida yetu kubwa ni ngazi mbili zilizoegemezwa ukuta mmoja bila kugusana. Moja ni ya halmashauri: mwenyekiti wa mtaa, mtendaji, diwani, mpaka kwa Mkurugenzi wa Jiji na Meya. Nyingine ni ya Serikali Kuu: Mkaguzi wa Polisi Kata, mkuu wa kituo, OCD (mkuu wa polisi wa wilaya), na kando yao Afisa Tarafa na Mkuu wa Wilaya, ambaye ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Usalama ya Wilaya. Jeshi la Polisi liko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Mkuu wa kituo chenu haajiriwi na Mkurugenzi wala hapangiwi zamu na Meya. Barua yako ikipanda ngazi moja tu, itafika juu na kushuka bila kuwahi kupishana na mwenzake. Ngazi hizo hukutana mahali pawili panapokuhusu: kwenye kata yenu, na mezani kwa Mkuu wa Wilaya. Huko kwingine kote mtaambiwa mnachoambiwa sasa.

Lakini kabla ya kwenda kwenye kata, nikuulize: kibaka wa darajani anafanya kazi saa ngapi?

Sikutanii. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye mtaa mmoja wa Arusha wenye hadithi kama yenu. Kamati ilikuwa imeongeza vijana wa doria, mchango umepanda, na watu bado wanapigwa roba. Nikaomba kitu kimoja tu, kaunta buku. Tukaipiga mistari: siku, saa, mahali hasa, kilichochukuliwa. Jina la aliyeibiwa hatukulitaka. Daftari tukaliacha kwa mama mwenye genge karibu na kivuko, kwa sababu kila aliyekabwa alipitia kwake kwanza kuomba maji ya kunywa na simu ya kupiga nyumbani.

Wiki sita baadaye tukakaa kwenye benchi lake, chai ya rangi na maandazi, tukasoma mstari kwa mstari. Karibu matukio yote yalikuwa kati ya saa moja na saa mbili usiku, watu wanaposhuka kwenye vifodi, zile daladala zetu ndogo, au saa kumi na moja alfajiri, akina mama wanapotoka kwenda kuchukua nyanya na mboga soko la Kilombero. Vijana wetu walikuwa wanaanza doria saa tano usiku na kumaliza saa kumi. Hakuna aliyesema neno kwa muda. Kisha kijana mmoja wa doria akaweka kikombe chini akasema, "Kumbe sisi tunalinda mbwa."

Safu ya "mahali hasa" nayo ikatupa lake. Hawakuwa wakikabwa kwenye daraja lenyewe. Ilikuwa hatua kama thelathini baada ya daraja, upande mmoja tu, penye kiwanja ambacho mwenyewe alikuwa hajajenga. Alipanda mahindi mpaka ukingoni mwa njia, na unajua mahindi ya masika yanavyokuwa ikifika Mei na Juni: mtu mzima anasimama humo humwoni. Mwenyekiti na mzee mmoja wa msikiti wakamfuata mwenye kiwanja nyumbani kwake, wakaongea naye kiungwana. Msimu uliofuata akaacha ukanda wa hatua tano kando ya njia akapanda maharage. Gharama yake ilikuwa nauli ya kwenda na kurudi.

Ndiyo maana nawaambia watu wa kamati: msipeleke neno "wizi" kwenye ofisi yoyote. Wizi hauna ofisi. Pelekeni mahali na saa, kwa sababu mahali na saa vina mwenyewe. Giza la darajani lina mwenyewe, na mara nyingi si yule mnayemwandikia. Barabara za mitaa tangu 2017 ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulio chini ya TAMISEMI, si idara ya halmashauri kama zamani. Barua ya taa iliyoandikwa kwa Mkurugenzi peke yake inaweza kukaa kwenye faili mwaka mzima wakati aliyepaswa kuisoma ni meneja wa TARURA, na nakala kwa TANESCO kama nguzo ipo ila haiwaki. Kichaka au kiwanja kisichofyekwa ni cha afisa afya wa kata, ana sheria ndogo za usafi mkononi. Grosari inayouza mpaka usiku wa manane ni ya afisa biashara, na saa za kufunga ni sharti la leseni yenyewe, waombe walisome kwa sauti. Kifodi kinachoshushia watu gizani badala ya kituoni ni cha polisi wa usalama barabarani na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Ukiorodhesha hivyo, unagundua kwamba polisi wa doria anabaki na kipande kidogo sana cha tatizo lako, nacho anaweza kukibeba: lisaa limoja jioni na nusu saa alfajiri, mahali pamoja.

Hapo kuna jambo ambalo wananchi wenyewe tunajiharibia. Watu wakikwapuliwa simu hawaendi kituoni. "RB ya nini, simu si imeshaenda?" Sasa mkuu wa kituo anapanga askari wake kwa matukio yaliyoandikwa, na kwake yeye darajani kwenu ni shwari kabisa. Tukio lisilo na RB, ile namba ya taarifa unayopewa kituoni, halikutokea. Wahimizeni watu waripoti, RB haiuzwi, na aliyeumizwa, PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, nayo ni bure. Halafu wafundisheni kubonyeza *#06# na kuandika namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, kwenye karatasi nyumbani, kwa sababu simu iliyoripotiwa inaweza kufungiwa isitumike kwenye mitandao ya nchini. Kibaka anaiba kinachouzika.

Nije kwa vijana wenu na ile elfu mbili, maana hapa ndipo kamati nyingi zinajiingiza matatani kwa nia njema.

Kwanza, mtaa si kijiji. Nimekutana na wenyeviti wengi waliokulia vijijini Arumeru au Hai wanaodhani wanaweza kutunga sheria yao: asiyetoka doria faini kadhaa, asiyelipa anatolewa redio. Halmashauri ya kijiji kweli ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, zikapitishwa na halmashauri ya wilaya. Mtaa wa mjini hauna. Faini yoyote mjini lazima itokane na sheria ndogo ya Halmashauri ya Jiji. Kama haipo, elfu mbili yenu ni mchango wa hiari uliokubaliwa kwenye mkutano, basi. Asiyetoa mnaweza kumsema, hamwezi kumnyang'anya jiko la gesi. Na mchango uwe na stakabadhi, mapato na matumizi yabandikwe ofisini kila mwezi. Nimeona ulinzi shirikishi ukifa kwa vibaka mara chache; mara nyingi umekufa kwa minong'ono kwamba mweka hazina amenunua pikipiki.

Pili, mipaka ya kukamata. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda kosa mbele ya macho yake, kisha amkabidhi polisi bila kuchelewa. Haimruhusu kumfungia kwenye stoo ya ofisi ya mtaa mpaka asubuhi, wala kumchapa "ili aseme wenzake". Siku kibaka akifia mikononi mwa kundi lenu, kesi itakayofunguliwa si ya wizi wa simu. Wazee wengine watawakumbusha Sungusungu, kwamba walimaliza wizi. Walianza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa wizi wa ng'ombe, kwenye vijiji ambako kila mtu anamjua baba wa mwenzake. Mtaa wenu una wapangaji wanaohama kila miezi sita. Ukiuiga ule mtindo hapa, wa kwanza kupigwa atakuwa mpangaji mgeni aliyetoka kazini usiku.

Mfumo ulioletwa mjini ni mwingine, wa Polisi Jamii, uliosukumwa kuanzia 2006 chini ya Mkuu wa Jeshi la Polisi (IGP) Said Mwema, na siku hizi kata zinapangiwa Mkaguzi wa Polisi. Huyo Mkaguzi Kata ndiye mshirika wako wa kwanza. Mpelekee majina ya vijana wote wa doria, picha zao, awafanyie mafunzo, awe na namba za simu. Wapeni tochi, filimbi na makoti ya kung'aa. Mapanga yabaki nyumbani. Kijana asiye kwenye orodha ya Mkaguzi hakanyagi doria, hata kama ni mtoto wa mwenyekiti, na hasa kama ni mtoto wa mwenyekiti.

Wapo na wengine ambao kamati huwasahau. Kijiwe cha bodaboda kina mwenyekiti, kina daftari, kina vijana wenye macho usiku kucha. Lakini wakiitwa kwenye kikao cha usalama huitwa kama washukiwa. Waiteni kama walinzi. Wavalishwe vizibao vyenye namba, na kijiwe kimoja kihamie upande wa pili wa daraja jioni, muone. Kama hawana kikundi kilichosajiliwa, afisa maendeleo wa kata awasaidie kusajili, maana asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia nne kati ya hizo ni za vijana. Kijana anayerejesha mkopo wa pikipiki hapendi daraja lenye sifa mbaya, linamkimbizia abiria.

Na hili nalisema kwa uchungu kidogo: vikao vya usalama nilivyokaa ni vingi, na karibu vyote viliongelea simu na kuku. Mtoto anayefungiwa ndani, mke anayepigwa kila Jumamosi, hao walionekana ni "mambo ya familia". Chini ya mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, kuna kamati za ulinzi wa wanawake na watoto mpaka ngazi ya kata na mtaa. Ulizia yenu, Mwalimu. Kama ni majina tu kwenye faili, wewe uliyekaa darasani miaka yote hiyo ndiye wa kuifufua. Walimu hujua mtoto ameanza kubadilika kabla ya polisi. Namba 116 ya kupokea taarifa za watoto ni bure, na kituo cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto ambalo si lazima uingilie kaunta ya mbele kulifikia.

Sasa kata. Ukiwa na daftari la wiki nne hadi sita, mwombe mwenyekiti wenu aliingize kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Diwani ndiye mwenyekiti wake, mtendaji wa kata ndiye katibu, na wenyeviti wa mitaa yote ni wajumbe. Omba kwa barua kwamba siku hiyo waalikwe Mkaguzi Kata, mtu wa TARURA, afisa afya, afisa biashara, mwenyekiti wa kijiwe na mwakilishi wa shule iliyo jirani. Usiombe "kikao cha usalama", wataleta hotuba. Omba ajenda yenye jina: "Daraja la mto, saa moja hadi saa mbili usiku." Muhtasari uwe na safu tatu: nani, atafanya nini, tarehe gani. Kikao kijacho kianze kwa kusoma safu hiyo kabla ya sala ya kufungua, natania, baada ya sala. Nakala moja iende kwa mkuu wa kituo. Nyingine kwa Afisa Tarafa, mtu ambaye hakuna anayemkumbuka, na ndiye anayeweza kuipeleka karatasi yenu mezani kwa Mkuu wa Wilaya bila kupitia ofisi saba. Hapo ngazi zenu mbili zimegusana.

Angalia na kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, lakini bajeti ya halmashauri huwa imeshapikwa miezi mingi kabla. Ombi la taa likiibuliwa kwenye mkutano wa mtaa kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo, ule wa wananchi kupanga vipaumbele vyao, kufikia Oktoba au Novemba lina nafasi. Likija Aprili, mtasifiwa kwa wazo zuri.

Kitu kimoja msifanye kwa haraka: kujenga kituo kidogo cha polisi. Najua kitapendekezwa, hupendekezwa kila mahali. Mimi mwenyewe niliwahi kuhamasisha wananchi wa kata moja wakachanga tofali na saruji, tukapandisha boma mpaka kwenye lenta kwa shangwe. Hatukuwa tumemuuliza yeyote mwenye mamlaka kama askari wa kukaa humo wapo. Hawakuwapo. Boma lile lilikaa mbuzi wakijikinga mvua, na nilipohamishwa nilipita njia nyingine ili nisilione. Kama mnataka kujenga, barua ya kwanza iende kwa OCD kuuliza askari, na jibu lije kwa maandishi kabla hamjachimba msingi.

Kamera, mwisho. Kamera huona kile ambacho taa imemulika, kwa hiyo bila taa mtakuwa na video nzuri ya giza. Inataka umeme, intaneti, na mtu wa kuitazama. Tena tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika Mei 2023, picha za watu si mali ya kusambaza kwenye kundi la WhatsApp la mtaa na maneno "mwizi huyu hapa". Angalieni kwanza kama kuna duka au wakala wa pesa karibu na daraja mwenye kamera tayari. Wengi wanayo, imeelekezwa kwenye kaunta. Mwombeni aongeze moja itazame njia, na picha akiombwa ampe polisi tu. Mwandikieni barua yenye mhuri wa mtaa, msimwambie kwa mdomo, maana siku akiulizwa na mwenye nyumba kwa nini ametoboa ukuta, awe na karatasi ya kuonyesha.

Daftari likijaa, nitumie picha ya kurasa mbili tatu tuzisome pamoja, ila jina la mtaa lifunike kwa kidole.